Wabunge wakifuta kanuni ya mafuta hifadhini, nini kinabadilika?

SWALI: Mhariri shikamoo, na hongera kwa kazi. Nilisikia redioni kwamba wabunge wa Marekani walipiga kura kufuta kanuni za kuzuia uchimbaji wa mafuta kwenye ardhi ya umma iliyohifadhiwa. Huku kazini tumebishana mpaka basi, mmoja anasema kesho mitambo inaingia Yellowstone, ile hifadhi yao maarufu, mwingine anasema hizo ni siasa tu hakuna lolote. Mimi nauliza, kwani hivyo visima hifadhini vilikuwepo au ndo vinaanza? Na bunge linawezaje kufuta kwa kura moja kitu ambacho wataalamu wamekitengeneza miaka na miaka? Msomaji wenu wa siku nyingi.

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Nianze na visima, maana hapo ndo wengi wanapotea. Vilikuwepo, tena zamani sana. Serikali ya Marekani ilipokuwa inaanzisha hifadhi nyingi ilinunua ardhi ya juu tu, ile ya miti na mito, mafuta na gesi ya chini yakabaki mali ya familia au kampuni iliyokuwa nayo, kwa hiyo mwenye mali yake anaruhusiwa kuifuata hata kama juu yake kuna hifadhi ya taifa. Mwaka 2016 idara ya hifadhi za taifa ilihesabu visima 534 vinavyofanya kazi ndani ya hifadhi 12, kama Big Thicket kule Texas, Big Cypress ya Florida na Cuyahoga Valley ya Ohio. Yellowstone haimo, huyo jamaa yako mwambie apunguze presha.

Sasa kasheshe ilikuwa hii. Kanuni za kusimamia visima hivyo zilitoka 1978, na kati ya hivyo 534 kama asilimia 60 vilikuwa vimesamehewa, ama vilikuwepo kabla ya kanuni ama kampuni inavifikia bila kupita kwenye ardhi ya serikali. Dhamana nayo, yaani pesa ambayo kampuni inaweka ili ikikimbia kisima kizibwe na eneo lisafishwe, ilikuwa na kikomo cha dola 200,000 kwa kampuni katika hifadhi moja, hata iwe na visima vingapi humo. Mwishoni mwa 2016 idara ikabadilisha, msamaha ukaondolewa, dhamana ikatakiwa ilingane na gharama halisi ya kusafisha. Januari 2017 mbunge Paul Gosar wa Arizona akaleta azimio la kuifuta, halikupita. Kwa hiyo wakati ule ugomvi haukuwa wachimbe au wasichimbe, ulikuwa nani atalipa wakishamaliza kuchimba, na hilo kwangu ndo la maana kuliko kelele za Yellowstone.

Na usidhani hizi kanuni ni makaratasi tu. Padre Island, ufukwe wa Texas ambako kasa wanakuja kutaga, malori ya gesi yalikuwa yanapita palepale kwenye mchanga, masharti yakawa msafara hauendi mpaka kuna mtu mbele amepanda pikipiki ya magurudumu manne anaangalia kama kuna kasa njiani. Big Cypress nako waliingiza magari mazito ya kutetemesha ardhi wakitafuta mafuta, wakaacha mifereji ya matairi kwenye tope la kinamasi na miti ya misipresi imekatwa. Masharti kama hayo yakiwepo, kuna mtu wa kuambiwa rudi ufukie hapa.

Sasa la kura. Kuna sheria ya 1996 inaipa Congress, yaani bunge la Marekani, nafasi ya kufuta kanuni yoyote mpya ya serikali kuu kwa njia ya mkato. Kwa kawaida jambo la kubishaniwa kwenye Seneti, baraza la juu la bunge hilo, linahitaji kura 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe, lakini kwa njia hii wingi wa kawaida unatosha na mjadala hauzidi muda wa saa 10 kwa jumla, halafu rais anasaini. Muda wa kufanya hivyo unahesabiwa kwa siku ambazo bunge linakaa, siyo za kalenda, ndo maana kanuni zilizotoka miezi ya mwisho ya rais anayeondoka zinamkuta rais mpya na bunge jipya, na hapo zinafyekwa. Si rahisi rais asaini kufutwa kwa kanuni yake mwenyewe, kwa hiyo hii silaha inafanya kazi zaidi madaraka yakibadilisha chama. Kabla ya 2017 ilikuwa imefaulu mara moja tu, mwaka 2001.

Ila mwiba wake uko kwenye kipengele kinachosahaulika. Kanuni ikishafutwa hivi, idara hairuhusiwi kutoa nyingine inayofanana nayo mpaka Congress yenyewe itunge sheria ya kuruhusu. Sheria haisemi kufanana kwa kiasi gani, na hiyo inatosha kabisa kumwogopesha mwanasheria yeyote wa serikali. Mei 2017 wabunge wa chama cha Republican walitaka kufuta kanuni ya kuzuia gesi ya methane kupotea kwenye visima vya ardhi ya umma, makamu wa rais Mike Pence akawa pale pale bungeni tayari kuvunja sare, halafu seneta John McCain, Republican mwenzao, akapiga kura ya hapana, ikaanguka 49 kwa 51. McCain hakuwa anaipenda kanuni yenyewe. Alichosema ni kwamba kuifuta kwa njia hiyo kutaizuia serikali yoyote ijayo kutoa inayofanana.

SWALI: Mimi ndo yule mbishani aliyesema ni siasa tu. Hebu niambieni hao wa Alaska ambao mwaka 2025 walifutiwa na bunge mipango yao ya matumizi ya ardhi, kampuni zimekimbilia huko?

JIBU: Karibu na wewe. Alaska ni sehemu mbili na watu wanazichanganya kila siku.

Kuna hifadhi ya wanyamapori ya Aktiki, ile ya caribou, yaani kulungu wa kaskazini, na dubu, ambayo ukanda wake wa pwani ulifunguliwa kwa sheria ya kodi ya 2017. Hesabu walizopigia ni kwamba serikali kuu itavuna kama dola bilioni moja. Mnada wa kwanza, Januari 2021, ukaleta milioni 14 na kitu, mnunuzi mkubwa akiwa shirika la jimbo la Alaska lenyewe, kampuni kubwa hazikutokea. Mnada wa pili Januari 2025 hakuna hata mmoja aliyeleta bei. Kwa hapo nakupa nusu ya ubishi wako.

Nusu nyingine sikupi. Magharibi yake kuna eneo la ekari kama milioni 23 lililotengwa 1923 kama akiba ya mafuta ya jeshi la majini, na huko kampuni zipo tayari, mradi mkubwa wa Willow uliidhinishwa 2023. Huko kuna ziwa Teshekpuk, ndege na caribou kibao, na mpango wa 2022 uliofutwa ulikuwa unalilinda lisikodishwe. Hapo kura ina meno.

SWALI: Na hao wanaofuta hawaogopi kwamba kesho itawarudia wao?

JIBU: Wengine wanapaswa kuogopa. Zamani njia hii ilitumika kwa kanuni, 2025 ndo kwa mara ya kwanza wakaitumia kufuta mipango ya matumizi ya ardhi, ya Montana, North Dakota na Alaska. Wanasheria wakauliza swali zuri sana, kama mpango wa ardhi ni kanuni basi ilibidi upelekwe Congress kabla ya kuanza kutumika, na mipango mingi ya miaka yote hii haikupelekwa. Na vibali vya kuchimba mafuta na vya kulisha ng'ombe vimetolewa humo humo. Mtu wa mazingira mwenye wakili mzuri anaweza kwenda mahakamani na hoja hiyo hiyo dhidi ya kampuni ya mafuta.