Mdogo wako anataka kuwa kocha? Mimi nilipita humo humo

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako, beki wa miaka 32 ambaye goti limeshamgomea, anaweza kuingia moja kwa moja kwenye ukocha kwa kuwa "mpira anaujua". Nakujibu kwa kirefu kidogo, maana miaka kumi na moja iliyopita mwenye swali hilo nilikuwa mimi.

Nilicheza kushoto nyuma, jezi namba tatu (wa utani wa beki tatu, yaani msichana wa kazi za ndani, nawaona, tulieni), daraja la kwanza na misimu miwili ya ligi kuu. Sikuwa nyota. Nilipotundika daluga, mzee mmoja wa mtaani kwetu Tanga akanikabidhi vijana wa chini ya miaka 17. Nikaona kazi yenyewe rahisi: nitawaambia wafanye nilivyokuwa nafanya.

Mechi ya kwanza, winga wa wapinzani akawa anampita beki wangu wa kushoto anavyotaka. Nafasi yangu kabisa ile! Nikawa nazunguka kwenye mstari napiga kelele: "Kaza dogo! Kaza!" Mapumziko dogo akanifuata kwa adabu zake, akaniuliza, "Mwalimu, nikaze vipi?"

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Miaka yote ile mimi nilikuwa nakaba tu. Miguu ilikuwa inajua, ila sikuwahi kujiuliza inajuaje. Nikamjibu "ongeza bidii", akarudi uwanjani na bidii yake, akapitwa tena. Tulifungwa nne.

Wiki ile nikamchukua mpwa wangu jioni, nikamwambia anijie na mpira polepole, nikaanza kujitazama mwenyewe. Kumbe nilikuwa simsimamii winga kifua kwa kifua, nasimama upande, ule wa ndani nimeuziba ili abaki na njia moja tu ya pembeni, kwenye mstari wa chaki. Kumbe nilikuwa napunguza mwendo hatua tatu kabla ya kumfikia, si kumvaa mbio mbio. Na mguu nilikuwa siutoi mpaka auguse mpira ukamtoka kidogo. Nikaandika yote kwenye daftari, maneno hayazidi kurasa mbili. Mazoezi yaliyofuata nilimfundisha dogo kwa dakika kama ishirini, na ndiyo siku ya kwanza nilijiona kocha. Mdogo wako ana mambo ya namna hiyo mia mwilini mwake, na hana neno hata moja la kuyasemea. Hapo ndipo wachezaji wazuri wengi wanapokwama, wanaishia kuwagombeza vijana kwa kutokuwa wao.

Sasa vyeti. Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka Afrika, zinapanda kutoka D, C, B hadi A, halafu Pro. Usimruhusu akudanganye kwamba jina litamvusha. Mnakumbuka 2021 pale Simba, kocha Didier Gomes na habari ya leseni yake kutokidhi matakwa ya mechi za CAF? Kama ngazi ile wanaulizana karatasi, sembuse sisi. Kosa langu ni kusubiri nistaafu kwanza. Ningesoma D nikiwa bado nacheza, na mshahara bado unaingia, nisingeuza pikipiki kulipia kozi. Mke wangu hajaisahau hiyo pikipiki mpaka leo.

Mfano ninaoupenda ni wa nyumbani, Juma Mgunda. Alikuwa mchezaji wa Coastal Union, timu iliyobeba ubingwa wa ligi 1988, na watoto wa Tanga tumekua tukisimuliwa. Lakini heshima ya ukocha hakupewa kwa sababu ya 1988. Amefundisha Coastal miaka, sisi jukwaani uwanja wa Mkwakwani tukimsema kila Jumamosi. Julai 2022 akaifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa Tanzania, pale Arusha, ikaisha 3-3 na Yanga, mshambuliaji wetu Sopu kapiga mabao matatu peke yake, tukafungwa kwa penalti. Septemba mwaka huo huo Simba wakamwita kwa dharura, akaitoa Nyasa Big Bullets ya Malawi, akaitoa Primeiro de Agosto ya Angola, wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari akaletwa kocha Robertinho, Mgunda akashuka kuwa msaidizi. Angekuwa mwingine angenuna. Yeye baadaye akaenda Simba Queens, timu ya wanawake, akachukua nao ubingwa msimu wa 2023/24, na kabla msimu huo haujaisha, kocha Benchikha alipoondoka, akaitwa tena kushika timu ya wanaume. Muulize mdogo wako kama yuko tayari kupanda na kushuka hivyo bila kususa.

Pesa nitaipita haraka kwa sababu inaniudhi. Huku chini utaahidiwa mshahara, utapewa nauli. Timu moja, jina silitaji, ilinikalia miezi mitatu bila kunilipa, halafu nikafukuzwa kwa simu nikiwa kwenye basi narudi kutoka mechi ya ugenini. Wachezaji walijua kabla yangu, ndiyo maana basi lilikuwa kimya. Kwa hiyo awe na kitu kingine pembeni, hata genge la matunda.

Aanze na watoto, asianze na timu ya wakubwa. Mtoto wa miaka kumi hana habari kama uliwahi kumkaba nani. Usipoeleweka anaenda kucheza na mchanga.

Kozi ya D ikitangazwa mkoani kwenu, ajiandikishe mapema, nafasi hujaa. Na goti alifunge bandeji vizuri, kwa sababu kwenye vitendo watapeana zamu ya kufundishana, na akiwa mwanafunzi wa wenzake atakimbizwa kama kijana wa miaka 18. Mimi niliomba kukaa golini.