Maswali ya Wasomaji: Kuacha Unga na Pombe kwa Msaada wa Imani

Mwanangu ana miaka 24. Anavuta heroini mwaka wa tatu sasa, na siku hizi anakunywa pombe kali kutwa nzima. Ndugu wa kanisani wanataka tumpeleke nyumba ya maombi akafunge siku 40 na kuacha vyote siku ya kwanza. Wanasema dawa za hospitali ni kukosa imani. Tulipe?
*Mama mwenye wasiwasi*

Pole sana, mama. Msilipe kwanza, na tafadhali asiache pombe ghafla akiwa mbali na daktari.

Watu huogopa arosto ya unga, yaani mateso ya mwili unapokosa heroini uliyoizoea, kwa sababu ya mateso yake yanayoonekana, lakini arosto inayoua upesi zaidi ni ya pombe, pamoja na ile ya vidonge vya usingizi jamii ya diazepamu. Mtu aliyezoea kunywa kutwa huanza kutetemeka mikono zikipita saa 6 hadi 12 tangu glasi ya mwisho. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku 2 za kwanza. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huchanganyikiwa, huona visivyokuwepo, moyo huenda mbio na joto la mwili hupanda. Hiyo ni dharura. Mgonjwa wa namna hiyo akiwa katikati ya watu wanaoomba hudhaniwa kirahisi kuwa amepagawa, na muda wa kumwokoa ukapita wakati anakemewa pepo. Kumnyima chakula nako kunamwongezea hatari: mnywaji wa muda mrefu mara nyingi amepungukiwa vitamini B1, na upungufu huo huharibu ubongo. Wiki ya kwanza ni ya hospitali. Mchungaji aje kuomba naye hapo hapo kitandani, hakuna daktari mwenye busara atakayemzuia.

Arosto ya heroini huanza saa 8 hadi 24 baada ya kuvuta mara ya mwisho na huchukua siku 4 hadi 10: kuhara, kutapika, mifupa kuuma, kukesha. Kwa kijana mwenye afya si kawaida yake kuua, ila kutapika na kuhara bila kurudishiwa maji kumeshaondoa watu. Hatari kubwa kuliko zote huja baadaye, siku anayorudi nyumbani. Baada ya majuma kadhaa bila kutumia, mwili hauwezi tena kuhimili kiasi kile ulichokizoea. Akivuta kipimo chake cha zamani, hata mara moja tu kwa huzuni au kwa kushawishiwa na rafiki, pumzi inaweza kusimama. Kwa hiyo siku 40 za kufunga bila mpango wa siku ya 41 zinaweza kumrudisha kijana akiwa kwenye hatari kubwa kuliko alivyoondoka.

Methadoni na buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa heroini, hupunguza vifo hivyo, na zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005. Kliniki ikimwanzishia, nyumba ya ibada mtakayochagua iwe inayokubali aendelee nazo. Waulizeni uso kwa uso: dawa za daktari mnazihifadhi wapi, na nani anazigawa? Usiku mtu akianguka degedege mnafanya nini? Anaweza kutupigia simu bila kusikilizwa? Anaweza kuondoka akitaka? Akiteleza akatumia, mnamfukuza usiku huo huo? Gharama zote zimeandikwa? Akitoka, nani atamfuatilia kwa miezi 6? Wakibabaika kwenye swali la dawa, ondokeni. Wakiwa na minyororo, fimbo au milango ya kufungwa kwa kufuli, ondokeni hata kama wametoa shuhuda mia.

Jambo la mwisho, mama: uliza kliniki kuhusu naloksoni ya kupuliza puani, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini, uwe nayo ndani ya nyumba. Ukimkuta haamki, anakoroma isivyo kawaida au amepauka midomo, mpulizie tundu moja la pua, ita gari la wagonjwa, na kama hapumui mpulizie pumzi mdomoni. Zikipita dakika 2 hadi 3 bila nafuu, mpe nyingine. Akianza kupumua mlaze ubavu. Usimwache hata akiamka na kusema yuko sawa, kwa sababu naloksoni huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90, na heroini inaweza kuwa bado imo mwilini.

Mimi ni Muislamu, nimeanza methadoni. Wenzangu msikitini wananiambia nimehama ulevi mmoja kwenda mwingine. Na zile hatua 12 naziona ni za Kikristo. Ramadhani nifanyeje?
*Kijana anayejitahidi*

Ndugu yetu, anayetumia heroini huwaza wapi atapata ijayo kila baada ya saa chache. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, kwa kipimo kilichopangwa, na ikishatulia mwilini unafanya kazi, unaswali, unalea watoto. Mwili umeizoea, hilo ni kweli, lakini uraibu ni zaidi ya mazoea ya mwili: ni kushindwa kujizuia huku ukiona unaangamia.

Kuhusu Ramadhani, onana na kliniki majuma machache kabla, si usiku wa kuandama mwezi. Pale kliniki inapoweza, huhamishia dozi jioni baada ya kufuturu. Usijihamishie mwenyewe, wala usinywe dozi mbili kufidia uliyokosa. Ukikosa siku 3 mfululizo au zaidi, usirudie kipimo chako cha zamani mpaka wakupime upya, maana kinaweza kukuzidi nguvu. Wa buprenofini wakumbuke kwamba kidonge kinawekwa chini ya ulimi mpaka kiyeyuke chenyewe, dakika 5 hadi 10. Ukikimeza na tende, kazi yake karibu yote inapotea. Kliniki ikiwa haiwezi kubadili saa, mpelekee shekhe unayemwamini suala lako kama la mgonjwa mwingine yeyote, ukiwa na maelezo ya daktari mkononi.

Hatua 12 za kuacha ulevi zilitokana na Alcoholics Anonymous, kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, kilichoanzia Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935. Chimbuko lake ni la Kikristo, lakini zinamtaja Mungu kwa namna kila mtu anavyomfahamu, na kikundi hakidai ushirika wa dini yoyote. Waislamu wamezifanyia kazi kwa lugha yao: Millati Islami, iliyoanzishwa Baltimore mwaka 1989, inazifuata kwa misingi ya Kiislamu. Narcotics Anonymous, ya mwaka 1953, ndiyo ya watumiaji wa dawa za kulevya. Millati Islami na Narcotics Anonymous vina mikutano ya intaneti, ya bure. Tahadhari moja: vipo vikundi ambavyo wanachama wake hawamhesabu anayetumia methadoni kuwa ameacha. Ukikutana nacho, tafuta kingine. Usiache dawa ili ukubalike.

Mume wangu anaapa kila Jumapili kuwa ameacha, Jumatano ananuka pombe. Mimi nifanye nini?
*Mke aliyechoka*

Dada, tafuta kikundi chako mwenyewe, usimngoje yeye. Al-Anon, ya tangu 1951, ni ya familia za wanywaji, na unaweza kuhudhuria hata kama mume hajaacha wala hajui. Acha kumlipia madeni ya pombe na kumdanganyia bosi wake. Chakula na matibabu endelea kumpa. Mazungumzo yafanyike akiwa hajanywa, na umwombe jambo moja linalopimika, kwa mfano kumwona daktari kabla ya Ijumaa, badala ya kiapo kingine. Akikupiga, suala si la ushauri wa ndoa tena: ondoka na watoto kwanza, mengine baadaye.

Mimi ni mchungaji. Waumini wanne wamenijia kwa siri. Naweza kuanzisha kikundi kanisani?
*Mtumishi*

Unaweza, mchungaji, na wanne wanatosha. Siku moja ya wiki, saa ile ile, dakika 60 hadi 90, chumba ambacho dirisha lake haliangalii barabara. Kila mmoja aseme dakika 5 bila kukatizwa wala kushauriwa. Yanayosemwa yabaki hapo, na wewe usiyatumie kwenye mahubiri hata kwa kuficha jina, kwani sharika ndogo hutambua watu kwa haraka mno. Kinachovunja vikundi hivi mara nyingi ni mikopo baina ya wanachama na kumpandisha mtu madhabahuni kutoa ushuhuda wiki ya tatu. Akiteleza mwezi unaofuata, aibu humzuia kurudi. Subiri angalau mwaka. Kwenye meza ya Bwana weka kikombe cha maji ya zabibu yasiyochachuka kama taratibu zenu zinaruhusu, na kiwe kwa yeyote anayetaka, ili asijulikane nani amekichagua kwa sababu gani. Kabla ya mkutano wa kwanza nenda kliniki iliyo karibu, ujue jina la muuguzi wa kumpigia mtu akija anatetemeka.