Ukienda kliniki ya sukari au presha, usisahau fizi zako

Fizi yenye afya haitoki damu inaposuguliwa. Ukitema mate mekundu asubuhi, usiulaumu mswaki kwanza. Mara nyingi fizi imevimba kwa sababu ukoga, ule utando laini wa bakteria, umekaa pale jino linapoingia kwenye nyama. Usipoondolewa, baada ya siku moja hadi tatu huanza kushika madini ya mate na kuwa mgumu kama gamba. Ukifika hapo hakuna mswaki wala dawa ya meno ya kuutoa, bei yake iwe yoyote. Sharti ukwanguliwe kwa vifaa.

Kati ya jino na fizi kuna ufa mdogo ambao daktari wa meno huupima kwa kijiti chenye alama za milimita. Milimita 1 hadi 3 ni sawa. Kuanzia 4 ufa umegeuka mfuko wa uchafu, na ukifika 6 mfupa unaolishikilia jino kwa kawaida umeshapungua. Jumlisha mifuko ya namna hiyo kuzunguka meno 20 au zaidi, utaona ni kidonda kipana kiasi gani. Kwa kuwa hakiumi, mtu huishi nacho miaka mingi. Kila anapotafuna, bakteria kidogo hupenya kwenye damu, na mwili hubaki ukipigana vita visivyokwisha. Kemikali za vita hivyo haziishii mdomoni.

Anayeumia zaidi ni mwenye ugonjwa wa sukari. Uvimbe wa fizi huifanya insulini, ile homoni inayoshusha sukari, ishindwe kazi yake, kwa hiyo sukari hupanda. Nayo sukari ikipanda, mate hupungua, kinga hudhoofika na fizi zinakataa kupona. Mambo hayo mawili hulishana. Ndiyo maana kuna watu wanaomeza metformini, dawa ya sukari, bila kukosa, wamepunguza ugali na chai ya sukari, na bado kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu, hakishuki. Kwa mwenye sukari aliyeugua fizi, kutibiwa fizi vizuri hushusha kipimo hicho kwa wastani wa takriban pointi 0.4 za asilimia, mfano kutoka asilimia 8.2 hadi karibu 7.8, baada ya miezi mitatu au minne. Hilo halichukui nafasi ya dawa. Linaongezeka juu yake. Kwetu sisi, hiyo ni sababu tosha ya kila mgonjwa wa sukari kuangaliwa mdomo angalau mara moja kila miezi sita.

Kwa hiyo ukiwa kliniki, Kisumu, Kakamega au Nakuru, usingoje kuulizwa. Mwambie muuguzi au daktari: fizi zangu zinatoka damu, jino hili linalegea, mdomo unanikauka usiku. Omba uandikiwe kwenda kitengo cha meno. Na siku ya kwenda huko, kula kiamsha kinywa na umeze dawa zako kama kawaida, isipokuwa umeambiwa vingine. Wapo wanaochoma insulini kisha wanakwenda kung'olewa jino na njaa, sukari inashuka ghafla wakiwa kwenye foleni. Nenda asubuhi, beba daftari lako la kliniki pamoja na dawa zote unazotumia. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, sema mapema, wala usiiache kwa uamuzi wako.

Wengi huogopa kusafishwa meno wakisema kunayalegeza. Jino linalotikisika baada ya kusafishwa lilikuwa limeshapoteza mfupa. Gamba ndilo lililokuwa likilibana. Likibaki, mfupa unazidi kuisha.

Nyumbani, mswaki uwe laini. Uinamishe digrii 45 kuelekea kwenye fizi, si katikati ya jino, na usugue kwa miduara midogo, meno mawili matatu kwa wakati mmoja, mpaka dakika mbili ziishe. Fanya hivyo mara mbili kwa siku. Ya usiku ndiyo usiyoikosa, kwa sababu ukilala mate hupungua na meno hubaki bila mlinzi. Dawa ya meno ya mtu mzima iwe na floraidi, madini yanayoimarisha jino, kati ya 1,000 na 1,500 ppm, yaani sehemu kwa milioni (soma boksi), kiasi cha punje ya njegere. Ukimaliza tema, usisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki. Katikati ya meno mswaki haufiki. Pitisha uzi wa meno au kibrashi chembamba mara moja kwa siku. Wiki ya kwanza damu inaweza kuendelea, na hapo ndipo wengi huacha. Usiache. Ikizidi wiki mbili hujaona nafuu, nenda ukakwanguliwe.

Mswaki wa mti unafaa ukitafunwa mpaka ncha iwe nyuzi laini na ukapitishwa kutoka kwenye fizi kwenda kwenye jino, lakini usiku ongeza dawa ya meno yenye floraidi. Majivu, makaa na chumvi ya mawe viacheni. Vinalikwangua jino lenyewe.

Upande wa presha kuna jambo watu hawaambiwi vya kutosha. Dawa za presha amlodipini na nifedipini zinaweza kuzifanya fizi zikue mpaka zikafunika nusu ya jino. Fenitoini, dawa ya kifafa, hufanya hivyo pia. Usiache dawa. Mwambie daktari aangalie kama inaweza kubadilishwa, na safisha zaidi, kwa maana fizi hukua kwa kasi penye ukoga mwingi.

Moyo nao. Mtu ambaye utotoni homa ya baridi yabisi ilimwachia kovu kwenye vali za moyo, ile milango ya kupitisha damu, au aliyewekewa vali bandia, yuko hatarini bakteria wa mdomo wakiingia kwenye damu, kwa sababu hupata mahali pa kushika. Ugonjwa unaotokea huja polepole: homa isiyokwisha kwa wiki kadhaa, jasho la usiku, uchovu, kukonda. Kanda ya ziwa, dalili hizo hudhaniwa malaria au taifodi, mgonjwa akatibiwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukiwa na tatizo la vali na homa inarudi, omba damu ioteshwe maabara kutafuta bakteria kabla hujaanza antibiotiki nyingine. Na kabla ya kung'oa jino, mjulishe daktari wa meno juu ya moyo wako. Huenda ukahitaji kumeza antibiotiki ya kinga nusu saa hadi saa moja kabla. Wazazi wenye watoto wa selimundu (sickle cell), ambao ni wengi huku kwetu, wasipuuze jino linalooza: maambukizi ni moja ya mambo yanayoamsha yale maumivu makali ya mifupa.

Sasa jipu la jino, ambalo ndilo linaloua haraka. Jino likifa ndani, mishipa yake ya damu imekufa pia, na antibiotiki kama amoksilini iliyonunuliwa kemisti haina njia ya kufika kwenye chanzo. Maumivu hupungua siku nne tano, mtu anadhani amepona, kumbe usaha unatafuta mlango. Tiba ni kuutoa usaha na kisha kung'oa jino au kutibu mzizi. Magego ya chini ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa usaha wake unaweza kuteremka chini ya ulimi na shingoni na kuziba njia ya hewa. Ukiona uvimbe mgumu chini ya kidevu, ulimi umenyanyuka, mate yanamwagika kwa kushindwa kumeza, sauti imebadilika, au mdomo haufunguki upana wa vidole viwili, ni usiku huohuo. Nenda hospitali kubwa iliyo karibu: ile ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, ya rufaa ya kaunti pale Nakuru, au ya Kakamega. Usikande kwa moto, usilale chali, usingoje kupambazuke.

Kwa wanaoishi Nakuru na vijiji vya Bonde la Ufa, maji ya visima vingi yana floraidi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita. Madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto ni ishara kwamba mifupa pia inaipokea, na kuchemsha hakuiondoi; maji yakipungua inazidi kukolea. Maji ya mvua au ya chujio la mkaa wa mifupa ndiyo ya kuwapa watoto wadogo. Dawa ya meno ya mtoto wa chini ya miaka mitatu iwe punje moja ya mchele, mzazi akisimamia.

Na mzee aliyepooza au asiyemeza vizuri, msafishe mdomo mara mbili kwa siku akiwa ameketishwa, kwa mswaki laini wenye maji kidogo, maana mate machafu yakiteleza mapafuni huleta nimonia. Meno yake bandia yasuguliwe na yalale kwenye kikombe cha maji.