Mikono 9,000 haitoshi kuacha kazi

Mkuu, hiyo barua ya kuacha kazi usiipeleke. Umesema umecheza poka mtandaoni mikono 9,000 (mkono ni mzunguko mmoja wa kugawa karata) kwenye meza za senti 10 kwa 25 (ndizo dau za lazima za kuanzia, blaindi ndogo na blaindi kubwa), una faida ya dola 220, sasa unataka kupanda meza za dola 1 kwa 2. Unauliza pia programu ya kutunza rekodi na njia nafuu ya kutoa pesa. Nimesoma tumbo likanikata, maana nilishapita hapo hapo.

Mimi nilikuwa na mikono 15,000 na faida ya dola 450. Kuna mtu alijiita kocha, tulikuwa tunamlipa ada ya kundi kila mwezi. Akaangalia grafu yangu, akaniambia, "Matokeo hayadanganyi, panda." Nikachukua mkopo wa saccos, shilingi milioni 6, nikaingia meza ambazo kukaa tu ni dola 200. Pesa ile ilimalizika ndani ya usiku 11. Mshahara nikakatwa miaka miwili. Na msianze kunicheka, hesabu shuleni nilifaulu vizuri tu!

Kinachoniuma hadi leo ni yule kocha. Kuna mkono niliweka zote, yaani pesa yangu yote ya mezani, nikiwa na K mbili, jamaa ana A mbili, K ya tatu ikashuka mezani, nikazoa. Kocha akausambaza kundini kama somo la kumsoma mpinzani. Kumsoma nini? K mbili mbele ya A mbili hushinda kama mara 18 katika 100. Mezani palikuwa na dola 50, haki yangu pale ilikuwa dola 9. Hizo 41 nyingine zilikuwa bahati tupu, naye akazipamba zikaitwa akili, nikalewa sifa. Ada yake ilikuwa inaingia, nishinde nisishinde. Siku nilipopitia rekodi zote, kila mkono wa kuweka zote nikauhesabia haki yake badala ya kilichotokea, ile 450 ikanywea ikabaki kama dola 60. Kazi hiyo ningeifanya kabla ya mkopo, ingenichukua jioni mbili.

Sasa angalia yako. Matokeo ya meza za watu sita huyumba sana kwa bahati, chukua blaindi kubwa 90 kwa kila mikono 100. Mikono 9,000 ni mafungu 90 ya mikono mia; kipeuo cha pili cha 90 ni 9.5 hivi, zidisha kwa zile blaindi 90, unapata myumbo wa kawaida wa bahati tu, kama blaindi 850. Faida yako ya dola 220 ni blaindi 880 za senti 25. Yaani chukua wachezaji sita wasiopata wala kupoteza, mmoja wao angeweza kuwa hapo ulipo wewe, naye anaandika barua kama yako.

Laki moja, mkuu. Cheza mikono laki moja kwenye meza hizo hizo za senti. Hapo myumbo unashuka hadi blaindi 3 hivi kwa kila mikono 100, na mtu anayepata 5 kwa ujuzi anaanza kuonekana. Ukipanda, unakutana na watu wengine kabisa, kwa hiyo unaanza kuhesabu upya kutoka sifuri, na kwa pesa ambayo hukuikopa.

Leta hapa mikono yako yote ya kuweka zote, na karata za mwenzako zilizofunuliwa. Nitakaa nayo usiku huu huu tuihesabu mmoja mmoja, kabla bosi wako hajafika ofisini Jumatatu.