Kontena la ofisi ndani ya simu yako: maswali yenu ya wiki hii

Wiki hii karibu kila mtu kaniuliza kitu kilekile kwa namna yake, ofisi imemwambia aweke imeili ya kazi kwenye simu aliyonunua kwa hela yake mwenyewe, halafu kuna kitu kinaitwa kontena, wengine wanakiita profaili ya kazi, na mtu haelewi anakubali nini. Haya twende, maswali nimeyafupisha.

Fundi habari. Nilikuwa naongeza imeili ya ofisi kwenye simu, ikaniletea maandishi eti seva itaweza kufuta data zote na kupanga sheria za pini. Nikubali? (Dada wa Tabata)

Dada subiri kwanza, usibonyeze. Hayo maandishi hayakutishi bure, yanasema ukweli mtupu. Seva za imeili, yan kompyuta zinazotunza na kugawa barua za ofisi, kama Exchange ya Microsoft, zinaongea na simu kwa njia inaitwa ActiveSync, na kabla hujapata hata barua moja seva inaiuliza simu, utafuata masharti yangu? pini iwe na tarakimu ngapi, skrini ijifunge baada ya dakika ngapi, na siku nikikwambia jifute utajifuta? Simu ikikataa imeili haiji, ikikubali basi ofisi imeshika rungu la kufuta simu yote, picha, namba za watu, nyimbo, kila kitu inarudi kama ilivyotoka dukani. Mambo haya yapo toka Exchange 2003 ilipofanyiwa maboresho mwaka 2005, si kitu kipya.

Na mi rungu hilo nimeshalishika. Ofisi moja ya zamani huko, jamaa wa mauzo kaacha kazi Ijumaa, bosi akaniambia mfute imeili, nikabonyeza nikaenda zangu nyumbani. Jumatatu ananipigia kwa simu ya mkewe, picha za mtoto toka anazaliwa mpaka anaanza kutembea zimekwenda zote, bakapu hana. Sikuwa na la kumwambia. Nilikuwa nadhani nafuta imeili kumbe nafuta simu, na kitufe kile hakikuniuliza mara mbili.

Kontena ni mpango mwingine. Chukulia una kiwanja Kimara, mtu kaomba aweke kontena lake la duka pale uwanjani kwako. Kufuli lake, mzigo wake, siku akitaka kuhama anakuja na lori analibeba, lakini chumbani kwako haingii na hajui umepika nini. Kwenye Android hiyo ndo profaili ya kazi, ilianzia Android 5.0 mwaka 2014, apu za kazi zinakuwa na kialama cha mkoba na zina sehemu yao iliyofichwa kwa msimbo, ofisi ikifuta inafuta lile kontena tu. Samsung nao wana Knox yao. Kwaiyo dada waulize watu wa IT swali moja tu, siku mkinifuta kinafutika nini? Wakujibu kwa imeili, uitunze.

HR wanasoma WhatsApp yangu? Kuna mtu katuambia wanaona mpaka picha. (Posta)

Kama simu ni yako na kilichowekwa ni profaili ya kazi, hapana. Wanaona aina ya simu, toleo la Android, apu zilizomo ndani ya kontena, na kama umeweka pini au la. Picha zako, meseji zako, apu zako za huku nje, hawazioni. Ila kilichomo ndani ya kontena ni chao, ukichati na mchepuko kwa imeili ya ofisi usije kulia kwangu. Na kama simu umepewa na kampuni hapo habari ni nyingine kabisa, ile simu ni yao na wanaweza kuibana zaidi, hata kukuzuia kuweka apu fulani.

Nimekwapuliwa simu Kariakoo na ilikuwa na imeili za kazi. Nafanyaje, naogopa kumwambia bosi.

Pole sana. Mwambie leo leo, tena kabla hujaenda kurudisha laini. Kila saa unayoogopa ni saa ya mwizi. Mtu wa IT atatuma amri ya kufuta kontena, atabadili pasiwedi yako na atakata simu ile isiguse tena seva. Hata we mwenyewe kama ofisi inatumia Outlook unaweza kuingia kwa kompyuta kwenye imeili yako, nenda kwenye setingi utakuta sehemu ya vifaa vya mkononi, simu yako imeorodheshwa pale na amri ya kufuta ipo. Angalia tu vizuri amri inafuta nini, umesikia habari ya jamaa wangu wa mauzo hapo juu, ingawa simu iliyoibiwa hata ikifutwa yote ndo vizuri.

Sasa watu wengi hawajui kitu hichi, amri ya kufuta haifiki mpaka simu iguse intaneti. Wezi wa mjini wanachomoa laini kabla hata hujamaliza kupiga kelele, amri inabaki inasubiri kwenye seva. Ndo maana pini ya kontena ina maana kubwa kuliko kitufe cha kufuta, maana ofisi inaweza kupanga kwamba pini ikikosewa mara kadhaa kontena linajifuta lenyewe, halihitaji intaneti. Intune, mfumo wa Microsoft wa kusimamia simu na apu za kazi, pia inahesabu siku ambazo apu haijaongea na makao makuu, ukiiacha ilivyo zikifika 90 data za kazi zinafutwa. Kwaiyo we uliyeweka pini 1234 tafadhali kaibadilishe sasa hivi, ukirudi tuendelee.

Kwanini siwezi kukopi kitu toka imeili ya kazi nikapesti WhatsApp? Mteja anataka invoisi sasa hivi!

Kwa sababu ndo kazi ya kontena, mzigo usitoke bila ruhusa. Mtu wa IT ndo kapanga hivyo, na skrinishoti kazuia makusudi. Najua wateja wa Dar hawafungui imeili, wanataka WhatsApp, sasa badala ya kupiga picha skrini kwa simu ya pili (nimeona mtu anafanya hivi kwenye mwendokasi, kila aliyesimama nyuma yake kasoma bei) muombeni IT awaruhusu WhatsApp Business iwekwe ndani ya kontena na laini ya ofisi. Inawezekana kabisa. Mtu wa IT anayebana kila kitu bila kuacha njia ya kufanya kazi anawafundisha watu kupita dirishani, hilo nalo nawaambia wenzangu.

Mi ndo IT wa ofisi ndogo Mikocheni, watu 14, seva ya Exchange ipo ofisini, hela ya kununua mfumo wa kusimamia simu hakuna. Naanzia wapi?

Mwenzangu, anza na mlango. Exchange toka toleo la 2010 ina uwezo wa kuweka simu ngeni karantini, yan simu mpya ikija inashikwa pale, mwenye simu anapata barua moja tu ya kumwambia asubiri, we unaangalia ni ya nani ndo unairuhusu. Ukiacha ilivyokuja kiwandani kila simu inaingia, na utashangaa siku ukifungua orodha ukakuta watu 14 wana simu 31, nyingine zilishauzwa zamani.

Halafu funga POP na IMAP, zile njia za zamani za kuvuta imeili kwa apu yoyote. Hapa ndo ofisi nyingi zinachekesha, wametumia wiki nzima kupanga kontena, masharti, pini, halafu mlango wa uani uko wazi, mfanyakazi anaweka imeili kwa IMAP kwenye apu yoyote anayotaka na hakuna sharti hata moja linalomgusa. Kama hakuna anayezihitaji, zima.

La tatu ni kitufe. Exchange za karibuni zina amri ya kufuta akaunti peke yake, inafanya kazi kwa simu zinazoongea ActiveSync 16.1, na kwa apu ya Outlook ya simu hata ukitaka kufuta zaidi haiwezi, inaondoa data za Outlook tu. Kwaiyo ruhusu Outlook, zuia apu nyingine, umeshapata nusu ya kontena bila kutoa senti. Nusu lakini, siyo lote, faili mtu akishalipakua nje ya Outlook halimo tena mikononi mwako.

Na mwambie bosi jambo lisilopendeza, Exchange 2016 na 2019 Microsoft waliacha kuzihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiwa na mojawapo ya hizo na imetazama intaneti moja kwa moja, tatizo lako la kwanza siyo simu za wafanyakazi.

Nina iPhone, mbona sioni hiyo mikoba?

Apple hawaweki mikoba, wanatenganisha huko chini chini. Toka iOS 13 ya mwaka 2019 kuna namna ya kusajili simu binafsi ambapo data za kazi zinakaa sehemu yake, ofisi haiwezi kufuta simu yote wala haioni IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu. Muulize IT kama amekusajili kwa namna hiyo, maana ipo na ile ya kampuni yenye nguvu zaidi.

Kasimu kangu kadogo, kanaandika Go edition, kamegoma kuweka profaili ya kazi.

Ram ndogo, Go edition ni Android nyepesi ya simu za namna hiyo. Simu nyingi za namna hiyo hazina uwezo huo, siyo wewe umekosea. Soma imeili kwa brauza, au ofisi ikupe simu.

Saa tatu usiku bosi anatuma imeili na bando ni langu. Sheria inasemaje?

Bando mkalizungumze, hilo ni la mkataba wako na sioni aibu ya kuomba posho ya bando. Kwa upande wa taarifa zako, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo, ofisi inayokusanya taarifa zako inatakiwa ikwambie inakusanya nini na kwa ajili gani. Kuhusu saa tatu usiku, kwenye Android shusha vitufe vya juu kuna kimoja cha kusimamisha apu za kazi, kibonyeze ukitoka ofisini. Mikoba yote inakuwa ya kijivu, hakuna mlio, na bando halitafunwi mpaka ukiwashe mwenyewe asubuhi.