Kabla hujalipia kiwanja cha sheli, subiri Machi

Wiki hii msomaji mmoja wa Tandahimba kaniandikia. Kapata kiwanja kando ya barabara kwa bei nzuri, na mwenye nacho anataka pesa zote kabla minada ya korosho haijaisha. Anauliza: "Kaka, hapa sheli italipa?" Nimeshaongea naye kwa simu, lakini najua wengi wenu mna ndoto hiyohiyo.

Kituo changu cha mafuta kipo barabara ya Mtwara–Masasi, upande wa Ndanda, na namshukuru Mungu kinaniendeshea familia. Nilianza kutafuta eneo mwezi Novemba. Malori ya korosho yalikuwa yanashuka bandarini usiku na mchana, bodaboda mpya kila kijiji, kila mtu ana pesa mfukoni. Mwenzangu tuliyepanga kuchanga mtaji alitaka tulipie eneo la kwanza siku ileile tuliyoliona. Nikakataa. Nikamwambia tusubiri Machi, mvua zikolee, pesa ya korosho iishe, ndipo tuone nani bado anapita. Alijitoa, akawatangazia ndugu zetu kuwa mimi mwoga, mtu mzima nakaa chini ya mwembe na daftari kuhesabu pikipiki. Maneno yale yaliniuma na bado yananiuma. Lakini Machi ilipofika, barabara ile ilikuwa kimya, na eneo lile nililiacha bila kujuta.

Ndugu zangu, sheli si duka la nguo. EWURA, mamlaka inayodhibiti biashara ya mafuta, hutangaza bei kikomo, yaani bei ya juu usiyoruhusiwa kuipita, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kila eneo na yake. Wateja wakiwa wachache huwezi kupandisha bei ujifidie. Faida ni kiasi kidogo juu ya kila lita, basi swali ni moja tu: hapa zitatoka lita ngapi kwa siku, mwaka mzima?

Kwa hiyo usihesabu magari yote kwa pamoja. Lori la makaa ya mawe linalotoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara linapendeza machoni, lakini zungumza na madereva. Wengi niliozungumza nao hujaza pale bosi alipoingia mkataba, hawana ruhusa ya kusimama kwingine. Bodaboda wa kijiweni ndiye wako, kila siku, kidogokidogo. Noah na Costa za abiria ni zako zikianzia safari hapo; zikipita tu, uliza zinajaza wapi. Hesabu siku ya gulio, kisha hesabu siku ambayo hakuna lolote.

Kuna wateja hutawaona barabarani kabisa. Msimu wa kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, ukifika, mashine za kupulizia mikorosho zinataka petroli, na mkulima anainunua kwa wauza chupa pale kijijini. Nenda kwa hao wauzaji, kaa nao, nunua kwao, uliza wanachukua mafuta wapi na yanaisha baada ya siku ngapi. Mimi walinifundisha kuliko mtu yeyote mwenye tai. Suala la vyombo vya kubebea petroli hiyo waulize EWURA mapema, usije ukajenga biashara juu ya kitu kilichokatazwa.

Na wewe wa Tandahimba, una jambo la ziada. Barabara ya lami ya Mnivata hadi Masasi, kilomita 160, inapita kwenu. Magari ya mkandarasi yatoe kwenye hesabu, maana kazi ikiisha yanaondoka. Kisha uliza ofisi ya TANROADS, wakala wa barabara, kama kiwanja kimeingia kwenye hifadhi ya barabara, yaani ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara, na halmashauri kama matumizi ya ardhi yanaweza kubadilishwa kuwa ya kituo cha mafuta. Bado kuna cheti cha mazingira cha NEMC, baraza la mazingira, na kibali cha ujenzi cha EWURA, lakini hayo yote ni kazi bure kama lita hazipo.

Mwenye kiwanja mpe arubuni ndogo kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, pesa iliyobaki ilipwe baada ya Machi. Akikataa, mwache auze kwa mwingine. Viwanja kando ya barabara hiyo bado vipo.