Kabla hujaokota kila kitu: ushauri kwa wanaoanza sanamu za taka

Wengi wanaoanza kutengeneza sanamu kwa taka hujaza uani chupa, nyaya, matairi na mabati, halafu wanakwama. Mimi nachomelea vyuma chakavu, na ushauri wangu ni huu: chagua taka moja, kaa nayo mpaka uijue tabia yake.

Mtazame El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Alichukua vifuniko vya chupa za pombe, akavibapa na kuviunganisha kwa waya wa shaba, vikawa mapazia makubwa ya kufunika ukuta mzima. Mwaka 2015 maonyesho ya sanaa ya Venice Biennale, Italia, yalimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Kule Kinshasa, Freddy Tsimba huunda miili ya watu kwa maganda ya risasi, na vita unaiona kabla hujaambiwa.

Kwa hiyo usiifiche taka yako kwa rangi. Shirika la Ocean Sole la Kenya huchonga wanyama kwa malapa yaliyookotwa ufukweni, na rangi unazoziona ni za malapa yenyewe. Uzuri wote uko hapo.

Mimi nilichagua minyororo ya baiskeli na pikipiki. Mnyororo hukunjika upande mmoja, upande wa pili hukataa; ndiyo maana unafaa sana kwa uti wa mgongo wa samaki au shingo ya korongo. Uoshe kwanza kwa mafuta ya taa, uukaushe kabisa, maana grisi huharibu mshono wa kuchomelea. Fanya urafiki na mafundi wa bodaboda. Wao hutupa minyororo kila siku, na ukiwaonyesha kazi iliyokamilika watakuwekea mizuri.

Hapa nakusihi: bati lenye zinki lisage kwanza kwa grainda pale utakapochomelea, ufanye kazi nje, kwani moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka. Na tangi lililowahi kubeba petroli usiliguse kwa moto hata likionekana kavu. Mvuke uliobaki ndani unalipuka.

Kutu ukiipenda, isugue kwa brashi ya waya, kisha paka vanishi isiyo na rangi. Kama sanamu itakaa nje karibu na bahari, rudia kuipaka vanishi kila mwaka kabla ya masika.